Pindo tatu za lile gauni la bluu

Nilikuwa nimeshakata. Mkasi ulishapita kutoka upande mmoja wa sketi mpaka wa pili, kile kipande cha chini kikadondoka sakafuni, nikainama kukiokota nikitupie kwenye kapu la mabaki kama ninavyofanya siku zote, na ndo hapo nikaona.

Kulikuwa na ngazi.

Yaani mikanda ya bluu, mmoja juu ya mwingine, kila unaoshuka umekoza kidogo kuliko ulio juu yake, na kati ya mkanda na mkanda kuna mstari mwembamba uliopauka karibu kuwa mweupe. Mistari mitatu. Nikasogea dirishani, nikakigeuza ndani nje. Kulikuwa na vitobo vidogo vya sindano vimejipanga, vingine bado vina uzi mweusi umebaki mule, na kwenye ukingo wa mwisho kabisa palikuwa pameshonewa upapi mweupe wa kitambaa kingine, kwa mkono, mshono mdogo mdogo uliobanana.

Ikanichukua dakika kadhaa kuelewa ninachokiangalia. Hili lilikuwa gauni la mtoto, la pamba, lenye marinda kiunoni. Aliyelishona aliliwekea upindo mnene tangu siku ya kwanza, sentimita 12 hivi, afu kadiri mtoto alivyokuwa anarefuka yeye akawa anaufumua na kuushusha. Sentimita 4. Afu 4 tena. Afu 4 za mwisho. Na kitambaa kilipomwishia kabisa akashonea ule upapi mweupe kwa ndani, ili asiipoteze hata ile nusu sentimita ya kukunjia.

Ile mistari iliyopauka ni pale upindo ulipokuwa unakunjika, kila safari, ukisuguana na miguu, na mabenchi, na vumbi. Na bluu iliyokoza chini ya kila mstari ni kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani kikisubiri zamu yake, jua halikukifikia.

Sasa kinachoniuma ni hiki: ile mistari nilikuwa nimeiona kwa nje kabla ya kukata. Ndo sababu nilikata pale. Nilidhani ni uchakavu, nikataka kuuondoa nibaki na kitambaa kizuri cha juu kwa ajili ya foronya ya mto.

Hiyo ni wiki sita zilizopita. Nimejaribu kuiacha ipite, haijapita.

Mto wa kumi na tano

Nimeshona kwa kutumia mitumba kwa miaka kadhaa sasa na nakipenda hiki kitu kutoka moyoni, nataka hilo lieleweke kwanza. Napenda kuchambua rundo kwa vidole kabla ya macho, maana vidole vinajua pamba haraka kuliko macho. Napenda kukuta shati la kitani ambalo limefuliwa mpaka limekuwa laini mno, napenda vifungo vya ganda la chaza vilivyosahaulika kwenye blauzi iliyochanika, na napenda ule usiku ambao pazia la mtu mwingine linageuka sketi yangu.

Lakini nilipokaa nikahesabu ninachotengeneza kwa kweli, ukiacha ninachosema natengeneza, jibu lilikuwa mito. Foronya za mito. Lile gauni lingekuwa la kumi na tano.

Na sababu naijua. Foronya ya sentimita 40 kwa 40 inataka vipande viwili vilivyonyooka, basi. Haina kwapa, haina kola, haina mwili wa mtu wa kuutoshea. Ukichukua shati la kiume lenye vifungo ndo kabisa, ule ukanda wa vifungo unakuwa mlango wa mto wenyewe, hata zipu huhitaji, saa moja umemaliza na unapendeza. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu wengi kuanza na huo, na bado naamini kwa anayeanza cherehani ni mwanzo mzuri.

Ila mimi sianzi.

Na kuna neno nimekuwa nalitumia muda wote huo bila kulichunguza. Kuokoa. Nimeokoa shati, nimeokoa gauni. Lile gauni lilikuwa na mikono yake yote miwili, kola yake, vifungo vyake vyote vitano mgongoni, halina tundu hata moja. Nimeliokoa kutoka kwa nani?

Waliokata kwa sababu hakukuwa na kingine

Zile wiki za mwanzo nilijitetea kwa kuwafikiria watu walioishi kwa kukata nguo kuukuu, ambao kazi zao ndo zilinivuta nikaingia kwenye haya mambo.

Kuna jamii ndogo Alabama, Marekani, kwenye kona ya mto, panaitwa Gee's Bend. Wanawake Weusi wa pale, wengi ni vizazi vya waliokuwa watumwa kwenye shamba la hapo hapo, wameshona mablanketi ya viraka kwa miaka mingi kwa kutumia nguo za kazi zilizokwisha, na mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye kuta za jumba la makumbusho la sanaa la Houston, afu yakaenda Whitney, jumba lingine la makumbusho ya sanaa kule New York. Watu walisimama mbele yake wakilinganisha na michoro ya wachoraji wakubwa. Lakini mimi linaloniganda siku zote ni lile alilolishona Missouri Pettway mwaka 1942. Mumewe alikuwa amefariki. Akachukua nguo zake za kazi, akazikata, akaziunganisha, na binti yake Arlonzia alieleza baadaye kwamba mama yake alitaka kitu cha kumkumbuka na cha kujifunika.

Kwenye yale mablanketi ya nguo za kazi utaona kitu kama nilichokiona kwenye gauni langu. Magoti ya suruali yamepauka, na pale mfuko ulipobanduliwa kuna kiraka cha bluu iliyokoza chenye umbo la mfuko, hakikupigwa na jua. Na wao hawakukikata wakakitupa! Walikiacha katikati kabisa, mahali jicho linapotua.

Kaskazini mwa Japani pia, pande za Aomori, kulikuwa na baridi sana pamba isiote, watu wakavaa nguo za hempu, nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, na vipande vya pamba kuukuu vikawa vinaletwa na meli kutoka kusini. Kila kipande kikashonewa juu ya kingine kwa mshono wa sashiko, ile mistari ya nukta nukta nyeupe, kiraka juu ya kiraka, baba mpaka mjukuu. Leo vinaitwa boro na vinatunzwa kwenye kabati za vioo, wakati neno lenyewe maana yake ni matambara.

Na Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia Juni 1, 1941, nguo zilikuwa za mgao, zinanunuliwa kwa kuponi, mtu mzima akipewa 66 kwa mwaka wa kwanza na gauni moja la sufu likimla 11. Mwaka 1943 serikali ikatoa kijitabu cha kufundisha watu kutengeneza upya walichonacho. Kuponi hazikuisha mpaka Machi 1949, vita ilikuwa imeisha karibu miaka minne nyuma.

Nilikuwa nawataja hawa wote kama ndugu zangu wa kazi. Afu nikikiangalia kile kipande cha bluu mezani nashindwa kuendelea, maana hakuna hata mmoja kati yao aliyekata nguo nzima isiyo na tundu ili apate mto wa kumi na tano. Walikata kilichokwisha. Aliyeshona gauni la bluu ndo ndugu yao. Mimi nilikuwa upande mwingine wa mkasi.

Nilipima kapu

Jambo la pili lililonisumbua ni la hesabu tu, na hili sikulitafuta, lilinijia nikiwa nafagia.

Kapu langu la mabaki lilikuwa limejaa tena. Nikachukua mizani ya jikoni. Shati moja la kiume nililokuwa nimepanga kulifanya foronya lilikuwa gramu 240. Nikalikata, nikashona, nikaipima foronya: gramu 112, pamoja na vifungo vyake. Mikono, kola, mabega, vishikizo vya mikononi, mfuko, vyote vikaingia kapuni. Zaidi ya nusu.

Nikasema labda ni hilo shati tu. Nikapima vitu vinne vingine ndani ya wiki mbili, na ni kimoja tu kilichovuka nusu, shuka, kwa sababu shuka imenyooka.

Afu nikakumbuka kilichomo ndani ya mito yenyewe. Polyesta. Mpya. Mito yote kumi na minne nimeijaza kwa polyesta mpya kutoka dukani, na zipu mpya kwa ile isiyo na vifungo, na uzi mpya wa polyesta kila mshono. Sijui nisemeje. Nilikuwa nimekaa sakafuni na mizani nikahisi joto usoni.

Nilikuwa na wazo la kujifariji kwamba mabaki yatasagwa yawe nyuzi tena. Hilo linawezekana na ni la zamani kuliko tunavyodhani, Benjamin Law alilianzisha kule Batley, Yorkshire, mwaka 1813, akisaga matambara ya sufu na kuyachanganya na sufu mpya apate kitambaa. Tatizo ni kwamba unaposaga unakatakata nyuzi. Uzi mrefu ndo unaokipa kitambaa nguvu, ukishakuwa mfupi hausokoteki vizuri peke yake mpaka uchanganywe na mpya, kwa hiyo kila mzunguko kitambaa kinashuka daraja, leo shati, kesho blanketi la kufungia fanicha, keshokutwa kujazia godoro. Na shati la pamba iliyochanganywa na polyesta ndo gumu zaidi, maana kuzitenganisha hizo mbili sio kazi ya mashine ya kusaga.

Kwa hiyo nguo ikiwa bado nguo ndo iko kwenye hali yake ya juu kabisa. Kila mkato wangu unaishusha.

Hapo niliacha kushona kwa siku tisa. Kwangu hizo ni nyingi.

Shangazi

Nina shangazi ambaye ameshona tangu kabla sijazaliwa. Sikumpelekea swali, nilimpelekea kipande tu. Akakivuta karibu na macho, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye vile vitobo, kimya.

"Huyu alishusha upindo usiku," akasema.

Nikamuuliza umejuaje shangazi.

"Uzi mweusi kwenye bluu ya giza. Mchana angeona. Taa ilikuwa hafifu akadhani ni bluu, au aliona akasema basi, kesho mtoto anaondoka asubuhi."

Afu akaniuliza gauni lenyewe liko wapi. Nikamwambia nimelikata, mwili uko huku sketi iko huku. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Alikiweka kile kipande juu ya goti lake, akakikunja kwenye ule mstari wa juu kabisa.

"Lingepandishwa tena, mwanangu. Mtoto mwingine mdogo angelianza upya. Mistari ipo, hata kupima usingepima."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Kwa wiki zote hizo nilikuwa naomboleza kumbukumbu, uzuri wa ile mistari, historia, maneno makubwa makubwa. Yeye aliona gauni. Gauni lililokuwa na miaka mingine mitatu minne mbele yake ya kazi ile ile, upindo kushuka, upindo kushuka, upindo kushuka.

Nikaishiwa maneno na nadhani aliona, maana alinyanyuka akaleta shati. La mjomba. Kola imechanika nyuma ya shingo, pale pale kola zote zinapochanikia, kwenye kunjo, kwa sababu ya kusuguana na shingo na jasho na kukunjika kila siku. Akanipa wembe.

Kama hujawahi kugeuza kola nitakueleza, maana ndo kitu kilichonigeuza na mimi. Kola ya shati la kiume mara nyingi imeshonwa kwenye shingo kwa kuchomekwa katikati ya vipande viwili vya kile kisimamo chake, ule ukanda unaozunguka shingo, kama barua ndani ya bahasha. Unatia alama ya katikati kwenye kola na kwenye kisimamo, chaki au pini, hii usiiruke. Unafumua mshono ule mmoja tu unaoishika kola, polepole, unakata uzi mmoja kila baada ya mishono mitatu minne afu unauvuta upande wa pili unatoka mzima. Kola inatoka. Unaipiga pasi. Upande wa chini, ambao hakuna aliyewahi kuuona, uko kama siku shati liliposhonwa. Unaigeuza chini juu, unaweka kiraka kidogo chembamba pale palipochanika ili pasiendelee, unairudisha kwenye bahasha yake, alama kwa alama, unapiga bandi kwa mkono, yaani mshono wa muda wa kushikilia tu, afu cherehani inapita kwenye vitobo vile vile vya zamani.

Ilituchukua chini ya saa moja na nusu, na mimi ndo nilichelewesha.

Nikamwambia shangazi, lakini hapa nani atajua kama umefanya kitu?

"Mwenye shati."

Ile picha ya kabla na baada

Nimelirudia hilo jibu mara nyingi na limenionyesha kitu ambacho nilikuwa sikitaki kukiona. Ninapenda kazi yangu ionekane. Ninapenda picha mbili, huku shati kuukuu huku mto mzuri, na watu kushangaa. Kola iliyogeuzwa haina picha. Kabla ni shati na baada ni shati. Kifungo kilichorudishwa, kwapa lililozibwa, suruali iliyotolewa sentimita 2 kiunoni, vyote havina picha, na ndo maana nadhani nilikuwa sivifanyi, nikijiambia mimi ni mbunifu, ukarabati ni kazi ya fundi.

Ila ubunifu wa yule wa gauni la bluu uko wapi basi? Aliliwaza gauni la miaka minne siku ya kwanza akiwa na kitambaa kipya mkononi. Aliliona umbo la mtoto ambaye bado hajawa. Mimi na mito yangu kumi na minne sijawahi kuwaza mbele namna hiyo kwa chochote.

Naanza na ndani

Kwa hiyo nimebadilisha utaratibu, na utaratibu wenyewe ni wa kawaida tu. Nguo ikifika naigeuza ndani nje kabla sijawaza itakuwa nini. Naangalia mshono wa ubavuni umeachiwa kitambaa kiasi gani. Nguo nyingi za kiwandani zimepigwa overloki, ile mashine inayofunga ukingo kwa nyuzi, na kukatwa hapo hapo, hazina hata sentimita moja ya akiba, hizo huwezi kuzitanua, lakini ya fundi utakuta sentimita 2 mpaka 3 zimekunjwa zikakusubiri, na hiyo inamaanisha mtu aliyenenepa anaweza kuivaa kesho bila hata kuongeza kitambaa. Naangalia upindo. Naangalia kama kuna mkono wa mtu alishapita kabla yangu, uzi wa rangi tofauti, kiraka cha ndani, vitobo vya mshono uliohamishwa. Nikivikuta nasimama.

Afu nguvu. Hasa mapazia, jamani, mapazia yanadanganya. Jua linaua nyuzi huku rangi bado inapendeza, unashona wiki nzima afu mara ya kwanza ukikaa inachanika mgongoni. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vilivyo karibu uvute, kwa urefu na kwa upana, mtande na mshindio, na ufanye hivyo sehemu iliyokuwa inapigwa na jua. Ikitoa sauti kama karatasi, iache.

Kujua ni kitambaa gani pale lebo ilipokatwa, nachomoa nyuzi chache nazichoma kwenye sahani ya bati karibu na maji. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu inanuka nywele. Polyesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi ambacho usikiguse mapema. Ya mchanganyiko inafanya yote mawili, jivu na kidonge, na ndo utakayoiona mara nyingi zaidi.

Na kwenye pamba kuukuu nyembamba natumia sindano namba 70 na mshono mrefu kidogo, milimita 3, kwa sababu mshono mfupi unatoboa kitambaa dhaifu matobo ya karibu karibu mpaka kinachanika pale pale kama stempu. Hili nilijifunza kwa kupoteza blauzi mbili.

Baada ya hapo nguo inakaa kwenye kiti siku tatu. Kila siku naipita. Swali ni moja tu, kuna mtu anaweza kuivaa hii kama ilivyo, ikiwa na kifungo, ikiwa na kiraka, ikiwa imepunguzwa au imetolewa? Likijibika ndiyo, mkasi unabaki kwenye droo.

Bado nakata

Sitaki mtu anielewe vibaya. Juzi nimekata shuka katikati bila huruma, kwa urefu wote. Ilikuwa imekwisha pale katikati tunapolalia, unaona mwanga, lakini kingo zake zilikuwa imara kabisa, kwa hiyo unaipasua katikati, unaunganisha zile kingo mbili nzuri zije kati, na zile dhaifu zinakuwa kingo, unazipindia. Ni ujanja wa kale na umenipa shuka nyingine nzima, ina mshono katikati ambao siku ya kwanza unauhisi mgongoni afu unausahau.

Nimekata pia sweta la sufu lililoliwa na nondo. Kwanza nikalifua kwa maji ya moto na kulisugua makusudi, likasinyaa likawa zito kama zulia, kwa sababu nyuzi za sufu zina magamba madogo yanayoshikana, na likishashikana hivyo ukilikata halifumuki. Limekuwa soli za ndala za kuvalia ndani na vishikio vya sufuria. Jinzi iliyopasuka paja lote, hiyo nayo nakata, na nyonga zake na mifuko yake ya nyuma inabaki na nguvu ya ajabu.

Na mito nitashona tena, ila nitaijaza hayo mabaki ya kapuni, yakikatwa madogo. Mto unakuwa mzito na una uvimbe uvimbe usipokata vizuri. Nimejaribu mmoja. Nimeukubali.

Rafiki mmoja nilipomsimulia haya aliniambia nimezidisha, ni nguo tu, na aliyelishona mwenyewe alishaliacha liende, asingeliacha kama lilikuwa na thamani kwake. Nimelifikiria hilo sana na sina hoja ya kulivunja. Labda alifurahi kuliona likiondoka. Labda mtoto alikua, labda walihama, labda alichoka kabisa kuona rangi ya bluu. Simjui. Najua tu kwamba alipolitoa lilikuwa gauni, na mwenye kuliokota alikuwa na macho ya kuona upindo kama angeangalia ndani.

Gauni

Wiki iliyopita nilitoa vipande vyote nikavilaza mezani, mwili, sketi, na kile kipande cha chini. Kwenye sketi, ile niliyoita kitambaa kizuri, nikakuta safu nyingine mbili za vitobo, moja juu sana yenye masalio ya uzi mweupe na moja chini yake ya uzi wa bluu. Kumbe mshono wa upindo wa kwanza na wa pili ulikuwa unashikiliwa huku juu. Kama ningeendelea ningevishona katikati ya foronya bila kujua.

Nimeanza kuliunganisha. Halitarudi kama lilivyokuwa, hilo nalijua, mkato wangu unataka sentimita moja ya mshono kila upande, kwa hiyo zimepotea 2 za urefu, na vile vitobo vya upindo wa kwanza havikutani tena na ukingo wake, vimepishana kwa hizo hizo 2. Kiunoni nimepoteza kidogo pia, marinda nimelazimika kuyapanga upya moja moja. Mshono wangu utaonekana kwa nje, mstari mmoja juu ya pale gauni linapoishia. Nimetumia uzi wa bluu, mchana, dirishani.

Ule upapi mweupe nimeuacha ulivyo.

Jana jioni nikapiga bandi, afu nikaukunja upindo kwenye mstari wa juu kabisa, ule wa kwanza. Umelala wenyewe. Hata pasi sijaupigia.